Kiingilio cha Bonde Takatifu hakimo kwenye bei ya ziara

Kwa kawaida kiingilio cha Bonde Takatifu, bonde la magofu ya Wainka karibu na mji wa Cusco, Peru, hakimo. Pesa unayolipa wakala Cusco ni ya gari, kiongozi na mara nyingi chakula cha mchana Urubamba. Kiingilio unanunua mwenyewe, boleto turístico (tiketi ya watalii): ya sehemu ni soli 70 (pesa ya Peru) kwa mgeni, inadumu siku 2 na inafungua magofu ya Pisac, Ollantaytambo, Chinchero na Moray. Nzima ni soli 130, siku 10, vituo 16, na inalipa tu kama utazunguka pia magofu ya Sacsayhuamán, pale juu ya Cusco, na jirani zake. Beba soli taslimu mkononi na pasipoti. Tiketi huandikwa jina lako na kutobolewa tundu kila lango, kwa hiyo kumwachia mwenzako haiwezekani.

Angalia hili: mashamba ya chumvi ya Maras hayamo hata kwenye tiketi nzima, kwa sababu ni mali ya wanakijiji wenyewe na wanatoza kivyao. Machu Picchu nayo ni tiketi nyingine kabisa.

Kuhusu kichwa kuuma kwa sababu ya mwinuko: Ollantaytambo iko mita 2,800 hivi, chini ya Cusco (3,400), ila Chinchero inafika karibu 3,760, na ziara nyingi huiweka mwisho, jioni, watu wameshachoka. Bakiza maji na sweta. Kama unapanda treni ya Machu Picchu pale Ollantaytambo, mwambie kiongozi asubuhi na begi likae mahali rahisi kulichukua. Ukishuka hapo, Chinchero umeikosa.