Serikali ya Mfano kwa Vijana: Anza na Bajeti Isiyotosha

Programu nyingi za serikali ya mfano, ambamo vijana huigiza kazi za rais, bunge na mahakama, huishia kwenye uchaguzi wa rais. Vijana hufanya kampeni, kura zikahesabiwa, mshindi akahutubia na picha zikapigwa. Baada ya hapo waliochaguliwa hukaa wakitazamana, kwa sababu waandaaji walitengeneza vyeo, kazi hawakutengeneza. Kijana wa miaka 15 hujifunza uongozi pale anapolazimika kumnyima mtu kitu anachokihitaji kweli, kisha amtazame usoni na kumweleza kwa nini. Hali hiyo haiji yenyewe. Inabidi uiandae mezani kabla vijana hawajaingia ukumbini, na njia ya uhakika kuliko zote ni bajeti isiyotosha.

Chukua vipande 100 vya karatasi: hizo ndizo fedha zote za serikali. Unda wizara tano na uipe kila moja karatasi yake ya mahitaji. Kwa mfano elimu iombe 40, afya 38, maji 30, barabara 27 na usalama 20. Jumla ni 155, kwa hiyo zaidi ya theluthi moja ya maombi lazima ikatwe. Kwenye karatasi ya kila wizara andika madhara ya kukatwa, tena kwa namba: “Tukipata chini ya 30, zahanati mbili kati ya tano zinafungwa.” Karatasi hiyo aione waziri mwenyewe tu. Wengine wakitaka kujua hali ya zahanati, wamuulize bungeni, naye ajibu. Hapo ndipo maswali kwa serikali yanapopata maana, maana muulizaji anatafuta taarifa ambayo kweli hana. Bajeti ikishapita, toa tangazo kwamba mapato yameshuka kwa vipande 10 na uwape dakika 40 warudi kupunguza. Usiwaonye mapema. Wakijua linakuja, wataficha akiba na zoezi lote litapoa.

Kundi la watu 60 linagawanyika vizuri: wabunge 36, serikali watu wanane, yaani rais, makamu, waziri wa fedha na mawaziri wa zile wizara tano, mahakama saba, waandishi wa habari watano, makarani wanne. Mkiwa chini ya 30, punguza wabunge kwanza na ubakize mahakama japo ya watu watatu. Siku nne mfululizo zinatosha, au vikao vinane vya saa mbili, kimoja kila wiki. Vya kila wiki vina tatizo moja: vijana husahau walipoishia. Kila kikao kifunguliwe kwa karani kusoma maamuzi ya kikao kilichopita.

Kuhusu vyama, usitumie kabisa vyama halisi vya siasa. Wazazi watagawanyika, na vijana watarudia yale wanayoyasikia nyumbani badala ya kufikiri. Programu ya Boys State, iliyoanzia Illinois nchini Marekani mwaka 1935 chini ya American Legion, chama cha wanajeshi wa zamani wa Marekani, hugawa washiriki katika vyama viwili vya kubuni, ambavyo mara nyingi huitwa Federalist na Nationalist, bila kuuliza mtu anaamini nini. Ni mpango mzuri. Kijana anajikuta anajenga ilani pamoja na watu ambao hakuwachagua, na hiyo ndiyo siasa yenyewe. Programu hiyo pia huanza uchaguzi kwenye miji ya kubuni kabla ya kupanda hadi ngazi ya jimbo, kwa hiyo wengi hushika nafasi fulani badala ya macho yote kumwelekea mtu mmoja.

Uchaguzi uje baada ya ilani kuandikwa. Ukiuweka asubuhi ya siku ya kwanza, atashinda aliye mrefu, mchangamfu au aliyekuja na marafiki wengi. Ilani iwe na mambo matatu tu, kila moja likiwa na idadi ya vipande litakavyogharimu. Kura iwe ya siri, na makarani wazihesabu mbele ya wakala mmoja wa kila mgombea. Angalia pia nani anapewa ukarani: wasichana huishia kuandika kumbukumbu huku wavulana wakihutubia, bila mtu yeyote kulipanga. Nafasi za makarani zipigiwe bahati nasibu, na wenye nafasi hizo wabadilishwe katikati ya programu.

Miswada ndiyo sehemu inayowachosha vijana, na sababu ni kwamba huandika maombi yenye sura ya sheria. “Kila mtu atunze mazingira” si mswada. Mpe mwandishi wake maswali matano: nani, afanye nini, kuanzia lini, kwa fedha ipi, na asipofanya itakuwaje? Sentensi ile ile itageuka kuwa: “Kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao, kila mwenye duka ataweka pipa moja la taka mbele ya duka lake kwa gharama yake, asiyeweka ataonywa mara moja, kisha atatozwa nusu kipande.” Sasa kuna la kubishania. Mwenye duka dogo afanyeje? Nani atakagua? Nusu kipande iende kwa nani? Mswada usizidi ukurasa mmoja, na usianze kujadiliwa ukumbini kabla haujapita kwenye kamati ya watu saba au tisa. Namba isiyogawanyika kwa mbili inapunguza kura kufungana. Marekebisho yaletwe kwa maandishi yakitaja kifungu na maneno yanayofutwa. Ya mdomo huvuruga kikao ndani ya dakika 10, kwa sababu hakuna tena anayejua wanapigia kura maneno gani.

Ukumbini, kila mbunge awe na kadi mbili. Kila akisimama kuchangia anarudisha moja kwa karani, na dakika zake ni mbili. Kadi zikiisha zote, anasikiliza hadi mjadala huo ufungwe. Bila kadi, watu watatu watakula nusu ya muda. Spika naye apewe karatasi yenye maneno ya kuendeshea kikao: kuita hoja, kuuliza anayeiunga mkono, “wanaoafiki waseme ndiyo”, “wasioafiki waseme siyo”, kisha kutangaza upande ulioshinda. Amri ya kuhesabu kura moja moja iwe na masharti, kwa mfano wabunge watano wasimame kuiomba. Mfanyishe spika mazoezi ya nusu saa kabla ya kikao cha kwanza. Spika mwenye hofu huanza kumtazama mwalimu, na mwalimu akishajibu mara moja, bunge limekwisha.

Hili la watu wazima tunalisisitiza. Wakae nyuma ya ukumbi, wasiwe upande wa spika. Wakiulizwa swali la utaratibu, waseme “angalia kanuni” na wataje ukurasa. Wasimamishe kikao kwa mambo mawili tu: usalama, na kudhalilishana. Bunge likipitisha sheria mbovu, liache lipitishe. Mahakama ipo kwa ajili hiyo.

Mahakama, kwa kweli, ndiyo husahaulika kuliko vyote. Majaji wanakaa siku mbili bila kesi. Andaa mapema jalada la kesi la kurasa mbili waanze nalo siku ya kwanza. Kisha andika katiba ya ukurasa mmoja, ibara kama 12, na mojawapo iseme hivi: hakuna mtu atakayeadhibiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa alipolitenda. Vijana wakikasirika huivunja ibara hiyo kwa urahisi. Mtu akipiga kelele usiku, kesho yake watatunga sheria ya kelele na kutaka kumtoza faini kwa ya jana. Mshtakiwa akienda mahakamani na majaji wakaifuta faini iliyoungwa mkono na wabunge wote 36, utaona ukumbi umenyamaza, halafu mabishano yataendelea hadi chakula cha jioni. Usiyakatize.

Waandishi wa habari watoe karatasi moja kila jioni, na kila habari iwe na vyanzo viwili.

Tenga dakika 45 za tathmini baada ya kikao cha mwisho, kila mtu akiwa amevua cheo chake. Uliza nani alikatwa na hakuelezwa sababu. Uliza kura gani mtu aliipiga kwa kumfuata rafiki. Anza na wale ambao hawakuwa na vyeo vikubwa, maana rais akitangulia kusema, wengine watamfuata.

Kisha wachague mswada mmoja unaohusu maisha yao halisi, ule ambao mamlaka iliyo karibu nao, kama uongozi wa shule au baraza la eneo, inaweza kuukubali au kuukataa. Wauandikie barua ya ukurasa mmoja, watu watatu watie sahihi, na wataje tarehe wanayoomba kujibiwa. Wapangeni kabisa wawili watakaoipeleka kwa mkono na kurudi tarehe hiyo ya kujibiwa kufuatilia.