Aliyefuzu Kisomo Anasoma Nini?

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Kipi hasa hulikuza taifa: dini, maadili, au watu wake kujua kusoma?" Swali limenigusa pabaya. Linachukulia kwamba mtu akishajua kusoma basi amejua, mambo yamekwisha, kama aliyechanjwa ndui. Watanzania tungekuwa wa mwisho kuliuliza hivyo, maana nchi hii imejua kusoma na kisha ikasahau.

Tukumbushane. Sensa ya 1967 ilikuta kama theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Zikachaguliwa wilaya sita za kuanzia: Mafia, Ukerewe, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Mwaka uliofuata TANU, chama kilichotawala, ikaamua ujinga wa kutojua kusoma uwe umefutwa nchi nzima ifikapo mwisho wa 1975. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ukaonyesha wasiojua wamebaki asilimia 39. Wa 1977 ukasema 27. Wa 1986 ukasema chini ya 10. Halafu sensa ya 2002 ikakuta karibu watu wazima watatu katika kila kumi hawajui kusoma.

Pingamizi nalijua. Vipimo havikuwa vya aina moja. Mtihani ulimpa mtu karatasi na penseli, ilhali karani wa sensa humuuliza mkuu wa kaya, "Huyu anajua kusoma na kuandika?" na kujaza anachoambiwa. Tena katikati hapo wamekua watoto wa miaka ya michango na ada za shule, ambao wengi hawakuliona darasa. Yote ni kweli. Hata ukiyatoa hayo, pengo linabaki, na mwalimu yeyote wa kisomo, yaani madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika, atakueleza sababu yake: msomaji mpya asiye na cha kusoma hurudi alikotoka katika miaka michache tu. Kwa hiyo swali ninalolijibu hapa ni hili: aliyefuzu kisomo anasoma nini kesho yake, na anakipata kwa nani?

Nikianza na dini, naona isingewekwa hata kwenye orodha. Sisemi kwa chuki. Pwani iliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, barua, hati za kuuziana mashamba na tenzi, muda mrefu kabla ya serikali yoyote kufungua darasa. Wamisheni wa Kiungani, Unguja, walikuwa wakichapa gazeti la Kiswahili tangu 1888. Lakini elimu iliyopita katika mlango wa dini iligawiwa kwa dini. Mzazi Mwislamu aliyetaka mwanawe asome shule ya misheni alijua kuna hatari arudi na jina jingine, na wengi wakaona heri asiende. Wilaya zenye misheni nyingi zikatangulia, nyingine zikaachwa nyuma, hadi Serikali ikalazimika kuzitaifisha shule za madhehebu kwa Sheria ya Elimu ya 1969. Kitu kinachogawa raia namna hiyo sioni kinavyoitwa nguzo ya taifa.

Maadili je? Hapo naomba nafasi niieleze kampeni ya Mtu ni Afya, kwa sababu wengi wanaijua kwa jina tu, na ndani yake ndimo nionapo maadili na kusoma vikifanya kazi pamoja.

Ilikuwa 1973. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ndiyo iliyoiandaa, na Sweden ikachangia fedha. Maradhi yaliyolengwa yalikuwa yale ya kila siku: malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu. Kampeni ilichukua majuma 12. Waliojiunga walikuwa kama milioni mbili, katika vikundi vipatavyo 75,000, yaani wastani wa watu 26 au 27 kwa kikundi. Kila kikundi kilihitaji vitu vitatu: redio, kitabu na kiongozi. Kiongozi hakulazimika kuwa mganga wala mwalimu. Alitakiwa ajue kusoma na awe mtu anayesikilizwa na wenzake, akapewa mafunzo mafupi, basi.

Kikao kilikuwa na mpangilio wake, na mpangilio huo ndio siri ya kampeni nzima. Kwanza watu husikiliza kipindi cha Redio Tanzania. Redio ikizimwa, anayejua kusoma husoma sura ya juma hilo kwa sauti, polepole, na asiyejua hufuata kwenye picha. Kisha kiongozi huuliza: haya tuliyoyasikia, hapa kwetu yapo? Wakikubaliana yapo, huulizana yanaletwa na nini katika kijiji hiki, kwenye bwawa hili, kwenye nyua hizi, maana kitabu kilichochapwa Dar es Salaam hakiwezi kulijua bwawa la watu. Mwisho huamua: tutafanya nini kabla hatujakutana tena, nani afanye, lini. Na kikao kinachofuata huanza kwa kukagua ahadi hizo.

Hatua ya mwisho ndiyo inayopuuzwa na kila kampeni ya siku hizi. Mtu aliyesema mbele ya majirani 26 kwamba atachimba choo mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko, na kulifunika tundu ili nzi wasitoke humo kwenda kwenye chakula, juma lijalo ataulizwa na majirani hao hao. Hakuna aliyemtisha kwa jehanamu wala kwa faini. Aliahidi, na waliosikia wapo. Vikachimbwa vyoo mamia ya maelfu katika nchi ambayo mabwana afya walikuwa wamehimiza jambo hilo tangu enzi za ukoloni bila kufika mbali. Nikiulizwa maadili ya taifa yanaonekana wapi, nitaonyesha hapo kabla ya kuonyesha hotuba yoyote.

Kikundi cha namna hiyo huharibika kwa njia zinazojulikana. Betri za redio huisha na hakuna aliyepangiwa kununua nyingine. Vitabu hufika kipindi cha pili au cha tatu kimeshapita, na kikundi kilichoanza bila kitabu mara nyingi hakishikamani tena. Kundi likizidi watu 30, wanaosema hubaki wale wale watano, wanawake hukaa nyuma na kunyamaza, ilhali wao ndio wachotao maji na ndio walezi wa watoto wanaoharisha. Lakini baya kuliko yote ni kiongozi kugeuka mhubiri. Husoma sura kutoka juu hadi chini, hutoa maagizo, watu huitikia "ndiyo", wanatawanyika. Hapo hakichimbwi kitu. Amri nayo haina tofauti: choo kilichojengwa kwa kumwogopa mkaguzi huwekwa majembe na kuni, na njia ya kwenda vichakani haioti majani.

Na baada ya majuma 12? Ikaja Chakula ni Uhai mwaka 1975, kwa mpango ule ule. Kanda ya Ziwa ikapata gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho, tangu 1974, nalo lilikuwa gazeti la kufaa kweli: herufi kubwa, sentensi fupi, habari za pamba na mifugo. Zikafunguliwa maktaba za vijijini. Halafu ukaja mwisho wa miaka ya 1970, vita na uchumi kuyumba, karatasi ikawa adimu, magari ya kusambaza yakakosa vipuri. Walimu wa kujitolea waliokuwa wakipewa posho ya shilingi 30 kwa mwezi wakaona hata hiyo hainunui kitu. Madarasa yakafungwa moja moja, bila tangazo.

Waliopotea kwanza walikuwa wa kiwango cha tatu. Mtihani ulikuwa na viwango vinne, na aliyefika cha tatu alihesabiwa amefuzu: anasoma sentensi fupi, anaandika sentensi fupi, anajumlisha na kutoa. Wa kiwango cha nne alisoma gazeti na kuweka hesabu zake mwenyewe. Huyo kisomo chake kilijilisha. Wa tatu alihitaji mazoezi, naye akayakosa.

Kiswahili chenyewe humdanganya mwalimu hapa. Kwa kuwa kila herufi ina sauti yake, mtu mzima anayehudhuria vizuri huweza katika miezi michache kutamka maandishi yoyote unayompa. Mwalimu hufurahi na kumpasisha. Lakini anayesoma "wa-li-po-tu-le-te-a" silabi kwa silabi, akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Wanaoshughulika na mambo haya huchukua maneno 45 hadi 60 kwa dakika kuwa ndipo maana inapoanza kushikika. Kwa maneno yetu marefu hata pungufu kidogo si mbaya. Kupima ni rahisi. Chukua aya ambayo mtu hajawahi kuiona, mpe dakika moja, hesabu maneno aliyosoma sawasawa, kisha funika karatasi umuulize imesema nini. Usimpe Baba Yetu wala Alhamdu. Hizo kidole hufuata mstari na mdomo hutangulia; ukimwonyesha neno moja la katikati na kuficha yaliyolitangulia, wengi hukwama.

Kwa nini yote haya yahusu maadili? Tazameni Uganda. Ufuatiliaji wa fedha za 1991 hadi 1995 uligundua kwamba katika kila shilingi 100 za ruzuku ya shule za msingi, zilizofika shuleni zilikuwa wastani wa 13. Serikali ikaanza kuchapa magazetini kiasi kilichotumwa, na shule zikatakiwa kubandika walichopokea mahali pa kuonekana. Kufikia 2001 zilikuwa zinafika zaidi ya 80. Wataalamu wamebishana, kwa haki, kwamba magazeti peke yake hayakufanya kazi yote, kulikuwa na mageuzi mengine. Lakini wananchi wa Uganda walikwenda makanisani na misikitini kabla ya tangazo kama walivyokwenda baada yake. Kilichoongezeka ni karatasi ukutani na mzazi anayeweza kuisoma. Kwetu nako mapato na matumizi ya kijiji husomwa kwenye mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu. Yasomwe tu, bila kubandikwa? Mtu atajumlishaje kwa kusikia?

Hapo ningemaliza, kama si Sweden, wale waliotuchangia 1973. Kwao kisomo kilianzia kanisani. Sheria yao ya Kanisa ya 1686 ilitaka kila mtu, hata mtumishi wa ndani na kibarua wa shamba, aweze kujisomea mwenyewe maneno ya Mungu. Mchungaji alizunguka nyumba kwa nyumba kusikiliza watu wakisoma, akiandika kwenye daftari la parokia fulani anasoma vipi na katekisimu anaielewa kiasi gani. Asiyejua alizuiwa Meza ya Bwana, na bila hiyo hata ndoa ilikuwa taabu. Kufikia katikati ya karne ya 18 karibu watu wote walisoma, nchi ikiwa maskini na bila shule za kutosha. Sheria ya shule za msingi ilikuja 1842. Mtu angesema basi, dini imeshinda. Subirini. Walisoma, wengi hawakuandika, kwa sababu kuandika hakukutakiwa. Na taifa hilo la wasomaji lilishikwa na njaa mwishoni mwa miaka ya 1860, na watu wake zaidi ya milioni moja wakahamia Marekani hadi kufikia 1930. Kusoma bila kuandika kuliwatengeneza watu watiifu na wacha Mungu. Hakukuwapa mkate.

Hata hivyo siwezi kulipita jambo moja katika habari hiyo. Kisomo chao hakikufa. Kilidumu kizazi hadi kizazi kwa sababu kulikuwa na mtu anayekuja kusikiliza, na kitabu ndani ya nyumba. Sisi tulikuwa na chama, wizara, redio, mabalozi wa nyumba kumi na wafadhili, na wote waliondoka. Kilichobaki na mwanakisomo wa kiwango cha tatu, Ijumaa kwa Ijumaa na Jumapili kwa Jumapili, kilikuwa juzuu, au kitabu cha nyimbo, au Injili iliyochakaa. Waliosahau kusoma ni wengi. Ambao hawakusahau, wengi wao waliokolewa na maandishi hayo.

Basi mkinibana nichague, nitachagua dini, licha ya niliyoyasema hapo juu, na kwa kazi hiyo moja tu ya kumtunza msomaji asipotee. Si kwa kumfundisha. Kufundisha kubaki kwa Serikali, ili mtoto yeyote asiulizwe imani yake mlangoni. Wala si kwa kulinda fedha za shule, ambako naamini zaidi karatasi ya ukutani. Na nachagua kwa sharti. Pale nyumba ya ibada inapompa muumini ukurasa ambao hajawahi kuuona, ikamwacha ausome mwenyewe, kisha ikamuuliza umesema nini na yeye ana maoni gani, kura yangu ichukueni. Pale swali hilo linapohesabiwa utovu wa adabu, naiondoa.