Re: Zawadi za Krismasi za kutengeneza na watoto

Mama J, umeuliza watoto wanaosomea nyumbani watengeneze zawadi gani bila kununua za dukani, mi ningeanza na ubuyu, hapa Dodoma haukosekani, pita soko la Majengo tu. Chemsha sukari na maji kidogo, tia iliki, chumvi, pilipili na rangi, ikianza kunata mwaga ubuyu ugeuze fasta mpaka kila punje ivae rangi (hapo shika mwiko mwenyewe, sukari ya moto inaunguza vibaya mno), wao wapime, wapaki kwenye vichupa na kuchora lebo. Wale wakubwa wape spoki za baiskeli wazigonge nyundo ziwe bapa wazibane kwenye kibao chenye boksi chini, ilimba ya babu hiyo, ile ala ya Wagogo ya kupiga kwa vidole gumba, ila jiandae na kelele.