Jibu kwa ndugu wa Goma: dada zako wamemfungia mama ndani kwa sababu ya mpox. Wamfungulie

Ndugu yangu, jambo. Kwa wale ambao hawakuona alichoandika ndugu huyu, nakirudia kwa kifupi. Yeye yuko Goma, mama yake yuko Bukavu, mtaa wa Kadutu, ana miaka 76 na ana tansio, yaani shinikizo la damu. Tangu mpox, ule ugonjwa wa kuambukiza unaotoa vipele, iingie mtaani, dada zake wamemweka mama chumba cha nyuma: haendi misa, hapokei mgeni, wajukuu hawamkaribii, sahani anawekewa mlangoni. Sasa ameanza kukataa kula. Ndugu anauliza kama dada zake wanafanya vizuri.

Mimi ni reko hapa Bukavu, wale tunaopita nyumba kwa nyumba kwa niaba ya kituo cha afya. Wakati wa korona nilipewa nyumba za wazee, na mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona. Dada zako wanampenda mama, hilo sina shaka nalo, lakini wanamwumiza. Wamfungulie leo. Naeleza kirefu kwa sababu ukiwapigia simu na kuwaamuru tu hawatakusikia. Wao ndio wanaomfulia na kumpikia, wewe uko mbali.

Watu wengi wamebaki na amri moja kichwani tangu 2020: ugonjwa ukija, ficha mzee. Kwa korona amri hiyo ilikuwa na msingi wake. Kirusi kilipita hewani, na walioongoza kufa ni waliovuka miaka 60, hasa wenye tansio, sukari au moyo. Mpox ina njia nyingine. Inapita zaidi ngozi kwa ngozi, kwa kulala pamoja, kwa shuka, taulo na nguo za mgonjwa. Aina hii iliyoonekana Kamituga, hapa Kivu Kusini, mwaka 2023, ikatufikia Bukavu na Goma mpaka OMS, Shirika la Afya Duniani, ikatangaza dharura ya dunia tarehe 14 Agosti 2024, imewashika sana vijana na watoto wadogo.

Tena kuna jambo ambalo nataka mmoja wa dada zako alifanye leo hii: amwangalie mama mkono wa juu, karibu na bega. Mtu wa umri wake kwa kawaida ana kovu pale, la duara, limebonyea kidogo. Ni kovu la chanjo ya ndui. Kwetu chanjo hiyo iliendelea kutolewa mpaka karibu mwaka 1980, mwaka ambao dunia ilitangaziwa kwamba ndui imekwisha. Ndui na mpox ni virusi vya ukoo mmoja, na chanjo ya ile inasaidia kukinga hii. Mtu wa kwanza duniani kutambuliwa na mpox alikuwa mtoto wa miezi tisa, hapa kwetu Kongo, huko Basankusu, mwaka 1970, na hakuwa amechanjwa ndui. Sisemi kovu linatosha. Kinga inapungua miaka inavyokwenda, na mzee mwenye mwili dhaifu akiugua anaweza kuugua vibaya. Ninachosema ni kwamba katika nyumba ile, huenda mama ndiye mwenye kinga kuliko wote, na ndiye aliyefungiwa. Wajukuu wanaolala watatu katika shuka moja hawana chochote, na hao ndio wa kuchunguzwa ngozi kila asubuhi wakati wa kuoga.

Nikuambie sasa kufungiwa kunamfanya nini mzee, maana hapo ndipo nilipolia mwaka ule. Mwezi Machi 2020 rais alifunga makanisa, shule na mikusanyiko, mpaka wa Rusizi, wa kwenda Rwanda, ukafungwa, na makanisa hayakufunguliwa mpaka katikati ya Agosti. Vijana walikuwa na simu zao. Wazee walikuwa na misa ya asubuhi na watu wa shirika, ile jumuiya ndogo ya waamini wa mtaa, basi. Nilikuta wazee ambao mwezi Machi walipanda ngazi za Kadutu kwa miguu yao, mwezi Julai hawawezi kusimama kutoka kitini bila kushikwa. Mzee asipotembea misuli inaisha upesi sana, na akianza kuanguka hapo matatizo hayana mwisho. Kiu nayo inapungua na umri, kwa hiyo asiyekumbushwa maji hanywi, anakauka, anaanza kusema maneno yasiyoeleweka, na watoto wanasema ‘uzee huo’. Na chumba cha nyuma kisicho na dirisha kinachanganya usiku na mchana.

Mzee mmoja wa Cimpunda, fundi wa zamani wa kujenga, hakupata korona kamwe. Dawa zake za tansio ziliisha, na wanawe waliogopa kwenda hospitali kuandikisha nyingine wasije wakaambiwa baba ana korona. Akapooza upande wa kulia. Kwa hiyo swali langu kwa dada zako, kabla ya lolote: mama ana vidonge vya tansio vya siku ngapi? Nyumba yenye mzee wakati wa ugonjwa isikae bila akiba ya mwezi mmoja, na kabla karatasi ya vidonge haijaisha mtu awe ameshakwenda kuchukua nyingine. Dawa hizo hazingoji ugonjwa upite.

Kukataa kula usikuchukulie kuwa ni hasira tu. Huenda ni huzuni, na ana haki ya kuhuzunika. Lakini kwa mzee ugonjwa mara nyingi unaingia bila homa. Malaria, mapafu, njia ya mkojo, korona yenyewe: dalili ya kwanza unayoiona ni kwamba ameacha kula, ameanguka, au tangu jana anamwita mtoto kwa jina la marehemu. Ukingoja joto lipande unachelewa. Wakati wa korona nilikuwa na kile kipimo kidogo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Jirani yangu, mama mzima, aliketi barazani anachambua sombe, majani ya muhogo, anazungumza, anasema yuko salama ila amechoka. Nilipombana kidole kikasoma 84. Nikadhani ni baridi ya vidole, nikamsugua mikono mpaka ikapata joto, nikabana kingine: 84 tena. Chini ya 90 mtu hakai nyumbani. Tulimpeleka jioni ile ile na akapona, kwa sababu alifika akiwa bado na nguvu. Kwa hiyo mama yako apimwe: tansio, sukari, malaria, oksijeni. Kituo cha afya kinaweza kufanya hivyo, na mkimwomba reko wa avenue yenu, atamsindikiza mama.

Atakapofika huko, mtu mmoja wa nyumbani awe karibu naye, lakini awe wa kumsaidia mama kusema, asiseme mahali pake. Hili nalishikilia sana. Katika hospitali moja ya hapa mjini nilimsindikiza mama yangu. Daktari kijana, mwenye heshima zake, alimgeukia dada yangu akaanza kuuliza kwa Kifaransa: anakula? analala? anakunywa dawa zote? Dada akajibu ndiyo, ndiyo. Mama ameketi katikati yetu, anatutazama midomo. Nikamwomba daktari ruhusa, nikamrudishia mama maswali yale yale kwa Kimashi, lugha yake. Akasema aliacha kidonge cha asubuhi tangu Pasaka kwa sababu kinamkimbiza chooni na choo kiko chini ya mteremko, anaogopa utelezi. Hakuna mmoja wetu aliyejua hilo. Daktari akabadilisha saa ya kidonge, mambo yakaisha.

Mzee ana haki ya kuelezwa ugonjwa wake kwa lugha anayoisikia, na kukubali au kukataa matibabu kwa kinywa chake. Chanjo pia. Chanjo za korona zilipoanza kutolewa nchini Aprili 2021, uvumi ulikuwa umezitangulia, mpaka sehemu kubwa ya dozi milioni 1.7 tulizopewa mwezi Machi ikapelekwa nchi nyingine zisije zikaharibika hapa. Niliwaona watoto wakimkatalia baba yao bila kumwuliza, na wengine wakimsukuma mama yao kwenye foleni bila kumwambia anachomwa nini. Yote mawili ni dharau. Wazee niliokaa nao chini, nikawaeleza na kujibu maswali yao, wengi waliamua wenyewe, na uamuzi wao niliuheshimu hata uliponisikitisha.

Na ukisikia mtu wa hospitali, au hata wa familia, anasema ‘huyu miaka yake imetosha, tusaidie vijana kwanza’, usinyamaze. Mwezi Machi 2020, Italia ilipozidiwa, madaktari wa wagonjwa mahututi waliandika wazi kwamba huenda ikabidi umri uwe kipimo cha kuingia chumba cha mahututi, na dunia ilibishana sana juu ya hilo. Anayepima nafasi apime hali ya mgonjwa, si mwaka wake wa kuzaliwa. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inasema mtu wa umri mkubwa ana haki ya hatua maalum za kumlinda. Umoja wa Afrika nao, mwaka 2016, ulipitisha itifaki ya haki za wazee, na mzee kwao ni kuanzia miaka 60. Najua hali ya nchi, najua karatasi haiteremki mlimani peke yake. Lakini mimi nimewahi kumtajia msimamizi wa zamu kifungu hicho cha 49, kwa adabu, na kitanda kikapatikana.

Itifaki hiyo inataja jambo jingine ambalo sisi wa Kivu tunalijua na hatupendi kuliandika: kuwasingizia wazee uchawi. Mwaka 2021 hapa Kivu Kusini wanawake waliuawa na makundi ya watu kwa kusingiziwa hivyo, wengi wao wa umri mkubwa. Fikiria sasa avenue ambayo watoto wanatoka vipele, na katika nyumba moja kuna mama mzee mjane ambaye ghafla haonekani, mlango umefungwa, wajukuu wamekatazwa kumkaribia. Majirani watasema nini? Dada zako hawajalifikiria hilo, nina hakika. Mama akionekana barazani, akisalimia watu kama zamani, hayo maneno hayapati pa kuanzia. Na yakianza, mwende mapema kwa chifu wa nyumba kumi na kwa viongozi wa shirika lake, msingoje.

Kuhusu pesa sitasema mengi, maana sijui ya nyumbani kwenu. Simu ya mama ikae na mama, na namba ya siri ya M-Pesa aijue yeye. Na karatasi ya kiwanja isitiwe kidole wakati huu wa ugonjwa, hata nani aseme ni haraka. Nimeona hilo likifanyika na limeacha ndugu wasiosalimiana mpaka leo.

Kwa hiyo nini kifanyike. Mlango ufunguliwe. Mama awe na taulo, shuka na kikombe chake. Bidoni la maji na sabuni vikae mahali anapofikia bila kuinama, kwa sababu kolera nayo haijatuacha na maji machafu yanamwua mzee upesi kuliko mpox. Mjukuu mwenye kipele au homa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo na alale peke yake, nguo zake zifuliwe mbali na za wengine. Misa aende ile ya alfajiri isiyojaa, asalimie bila kushikana mikono. Kama misa inawatia dada zako hofu mno, watu wa shirika waje wasali naye barazani, kwenye hewa.

Lakini haya yote ni mawazo yangu na yako, na mama hajaulizwa bado. Ukipiga simu leo usimalize na dada. Mwambie ampe mama simu atoke chumbani, muachwe wawili, umwulize anaogopa nini, anataka nini, na kwa nini anakataa kula. Huenda atakuambia yeye mwenyewe hataki misa kwanza, au kwamba jino linamwuma. Kisha rudi hapa utuandikie alivyojibu, pamoja na jina la dawa ya tansio kama lilivyo kwenye boksi na mara ya mwisho alipopimwa, nikuambie cha kuuliza kituoni.