Mama ana wiki saba wodini na nyumbani tumeanza kurushiana maneno

Shangazi, hujambo? Mama yetu alipatwa na kiharusi na hii ni wiki ya saba yuko wodini. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na maneno hayatoki ila "hapana" na "Yesu". Mimi ndiye kifungua mimba, naishi Kayole, ghorofa ya nne. Kila siku nafunga kibanda changu cha mitumba Gikomba saa tano nimpelekee chakula, na narudi nyumbani usiku. Siku hizi anakataa kula na analia ovyo. Ndugu yangu aliye Qatar ndiye anatuma pesa, na kila akipiga simu ni amri: mhamisheni, mpelekeni mashambani. Mke wake, anayeishi Donholm, ameandika kwenye kundi la WhatsApp la familia kwamba nakula pesa za mgonjwa. Kitinda mimba wetu yuko chuo, huja Jumapili, anapiga picha na kuondoka. Juzi nesi ameniambia tujiandae, huenda mama akaruhusiwa wiki mbili zijazo. Nimechoka hadi namkasirikia mama mwenyewe. Nianzie wapi?
Kifungua mimba, Kayole

Pole sana, binti yangu. Hiyo hasira isikutishe. Unafanya zamu za watu wanne, na uchovu hummwagikia aliye karibu, naye aliye karibu ni mama. Kwa ndugu yako na mkewe tutafika. Kwanza chakula, kwa kuwa hapo pana hatari isiyongoja kikao cha familia.

Mgonjwa wa kiharusi anayekataa kula mara nyingi hadeki. Kiharusi hulegeza misuli ya koo kama kilivyolegeza ya mkono. Chakula kikipotea njia kikaingia mapafuni huleta nimonia, na nimonia huua watu waliokwisha kunusurika kiharusi chenyewe. Chai na maji ni hatari kuliko uji mzito, maana hukimbilia kooni kabla koo halijajifunga. Kwa hivyo mtazame akinywa. Je, anakohoa? Sauti inakuwa ya majimaji baada ya kumeza? Chakula kinabaki kwenye shavu la kulia? Ukiona hata moja, acha kumlisha, mwambie nesi, na uombe mama apimwe uwezo wa kumeza kabla ya mlo unaofuata. Usimlazimishe kwa kijiko ati asikae njaa.

Wakikwambia yuko salama kula, mkalishe wima kabisa, kidevu kimeinama kidogo. Kuegemea mto mmoja hakutoshi. Tumia kijiko cha chai, nusu yake tu, na uweke chakula upande wa kushoto wa mdomo, ule wenye nguvu. Tazama koo lipande na kushuka ndipo uongeze. Usimwongeleshe akiwa na chakula mdomoni. Akimaliza, kagua shavu la kulia, msugue meno, na abaki ameketi dakika 30. Mdomo mchafu ndio huzaa vile vijidudu vinavyoshuka mapafuni, kwa hivyo mswaki asubuhi na jioni ni sehemu ya matibabu. Kama ana meno ya bandia, yaangalie: mtu akikonda huanza kulegea na kumkwaruza fizi, na hilo peke yake linatosha kumfanya mtu agome kula.

Githeri ingoje. Mpelekee viazi vilivyopondwa kwa maziwa, ndengu zilizopikwa zikaiva kabisa na kusagwa, yai, parachichi, uji mzito. Chumvi ipunguze sana, na vile viungo vya pakiti viache dukani, kwa kuwa vingi vina chumvi kuliko unavyodhani, na presha ndiyo mara nyingi huleta kiharusi.

Kilio kina pande mbili. Ubongo ulioumia unaweza kumfanya mtu alie au acheke bila sababu, machozi yakaja na kukatika ghafla. Huko si huzuni, na dawa yake ni kubadilisha mazungumzo bila kushtuka. Lakini karibu thuluthi moja ya waliopata kiharusi huingia katika sonona ya kweli, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Akilia siku nzima, halali, hataki mazoezi, hatazami mtu, mwambie daktari kwa maneno hayo hayo. Sonona hutibika, na isipotibiwa hata fiziotherapia, yale mazoezi ya viungo, haifanyi kazi, kwa sababu mgonjwa hajitumi.

Kuhusu maneno: upande wa kulia ukilegea, jeraha liko kushoto mwa ubongo, na huko ndiko lugha inakokaa kwa watu wengi. Huenda anaelewa zaidi ya anavyoweza kusema. Basi msimwongeleshe kwa kupaza sauti, yeye si kiziwi, na msijadili bili juu ya kichwa chake. Tumieni lugha aliyolelewa nayo. Muulize swali la ndiyo au hapana, kisha nyamaza na umpe muda wa kutosha. Ila "hapana" yake msiiamini moja kwa moja: neno likiwa ndilo pekee linalotoka, hutoka hata anapotaka kusema ndiyo. Thibitisha kwa kichwa au kwa kidole. Na kwa kuwa anataja Yesu, jaribuni kuimba naye wimbo wa kanisani anaoujua. Wapo wagonjwa wasioweza kusema sentensi lakini maneno ya wimbo yakatoka.

Sasa ngozi na mkono, ambapo familia nyingi huharibu bila kujua.

Mtu asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili: upande mmoja, chali, upande wa pili. Wodi ikiwa na manesi wachache, zamu hiyo hurukwa. Mnapofika, jambo la kwanza kabla ya salamu ndefu ni kukagua mfupa wa juu ya makalio, nyonga, visigino na viwiko. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu, kwa hivyo tafuta pale palipozidi weusi, palipo na joto, au palipo pagumu kuliko pembeni. Ukipaona, mwondolee uzito hapo na umwite nesi. Usipasugue kwa mafuta, maana nyama ya chini imekwisha kuumia na kusugua huimaliza. Weka mto chini ya vigimbi vya miguu ili visigino vielee hewani, na mwingine katikati ya magoti akilala ubavu. Kumsogeza, mnyanyueni watu wawili kwa shuka iliyokunjwa chini yake. Kumburura huchubua ngozi.

Mkono wa kulia msiuvute kamwe, hata kumsaidia kuketi. Misuli iliyokuwa inashikilia bega imelegea, na mvuto mmoja unaweza kulitegua bega likampa maumivu ya miezi. Akiketi, mkono ulale juu ya mto. Kumvisha, anza na mkono mgonjwa. Kumvua, anza na mzima. Mletee blauzi za kufungua mbele. Wewe wa Gikomba hilo halikupi shida.

Na kama ana mpira wa mkojo, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu, na umwagwe kabla haujajaa.

Ukisoma hayo yote utaona kwa nini umechoka. Hiyo ni kazi ya zamu, nanyi mmeichukulia kama kumtembelea mgonjwa. Ndiyo maana mmoja anaifanya na wengine wanaipigia kelele. Nunua daftari moja, likae kando ya kitanda. Kila anayekuja anaandika tarehe, alichokula mama na kiasi gani, kama ameenda choo, ngozi ilivyo, mazoezi aliyofanya, na alichosema daktari. Kisha gawa saa. Mama anahitaji mkono wa familia nyakati mbili, mchana na jioni, kwa saa zinazokubaliwa na wodi. Wewe chukua mchana wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na siku nyingine kibanda kisifungwe, maana kibanda kikifa mtakuwa na wagonjwa wawili. Mke wa ndugu yako apewe Jumanne na Alhamisi. Kitinda mimba achukue jioni mbili na Jumapili, na simu ibaki mfukoni hadi mama amalize kula. Jioni zilizobaki na mchana wa Jumamosi waombe wanawake wa kanisa la mama, lakini waombe kitu mahususi: "Alhamisi jioni, mtu mmoja, amlishe." Ukisema tu "mtuombee" watakuja kumi na wawili, waimbe, wamchoshe, na chakula kipoe.

Ndugu yako wa Qatar asidharauliwe. Aliye mbali huamuru kwa sababu hana kingine cha kufanya. Mpe kazi ya simu: ampigie mama kwa video siku na saa ileile kila wiki, afuatilie SHA, ile bima ya afya ya serikali, ahesabu bili. Lakini anayeongea na daktari awe mmoja, na awe wewe. Madaktari hupita wodini asubuhi, wakati jamaa hawaruhusiwi, kwa hivyo mwombe nesi msimamizi akupangie miadi na uende na maswali yaliyoandikwa. Jibu unalopata liandike kwenye kundi siku hiyohiyo.

Pesa: atakayepokea asiwe atakayenunua. Pesa za Qatar ziende kwa mkewe. Ndiyo, yeye huyohuyo anayekushuku. Wewe nunua, piga picha ya risiti, tuma kundini, na Jumamosi yeye atoe hesabu. Kila Ijumaa ulizeni bili imefika wapi. Bili isiyoulizwa kwa wiki saba huwashtua watu siku ya kuondoka. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kama mama alikuwa na kadi ya zamani tu hiyo haitoshi. Piga *147# mkague kama amesajiliwa na kama michango yake mwenyewe imelipwa. Unayolipa wewe ni ya nyumba yako. Kisha nenda dawati la SHA hospitalini uulize wamelipia nini hasa. Kama mtakwama, mwoneni ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali sasa, kabla ya siku ya kuruhusiwa. Huenda akataka barua ya chifu, na barua ya chifu haipatikani kwa saa moja.

Mashambani? Si sasa. Baada ya kiharusi, nguvu hurudi kwa kasi zaidi miezi mitatu ya kwanza, kisha huendelea polepole, na nyinyi mmeshatumia karibu miwili. Akipelekwa mahali pasipo na fiziotherapia ya karibu, mtapoteza muda ambao haurudi. Mwambie ndugu yako hivyo hivyo. Kama hospitali ya huko ina mtaalamu na gari linapatikana, mnaweza kulizungumza.

Ghorofa ya nne nayo haifai. Kumbeba mama ngazini kila siku ya kliniki kunahitaji wanaume na kunahatarisha bega lile. Tafuteni chumba cha chini, hata kimoja, kabla hajatoka. Nenda na futi ya kupimia: kiti cha magurudumu cha kawaida huwa na upana wa takriban sentimita 65, na milango mingi ya bafu za ploti haifiki hapo. Ndiyo maana kiti cha choo huwa muhimu zaidi ya kiti cha magurudumu. Mafundi wa jua kali Kamukunji watakuunganishia fremu ya chuma yenye tundu na ndoo chini. Waambie miguu iwe mipana isije ikapinduka. Kitanda kiwe na kimo ambacho mama akiketi ukingoni nyayo zinakanyaga sakafu. Kikiwa kifupi, kiinue kwa vipande vya mbao.

Wiki hizi mbili zilizobaki zitumieni kujifunza. Usikubali kutoka kabla wewe na mwingine mmoja hamjamhamisha mama kutoka kitandani hadi kitini kwa mikono yenu, nesi au mtaalamu wa fiziotherapia akiwatazama. Kiti kikae upande wa kushoto, breki zimefungwa. Aketi ukingoni kidogo kwanza, kizunguzungu kipite. Mshike kiunoni, si kwapani, ainame mbele, asimame kwa mguu mzima, azunguke, aketi. Mkiajiri msaidizi, naye aje wodini ajifunze hapo hapo. Ondokeni na muhtasari wa matibabu, orodha ya dawa na saa zake, tarehe za kliniki na barua ya fiziotherapia. Nunueni mashine ya presha ya mkononi, mpimeni mkono wa kushoto akiwa ametulia dakika 5, na mwandike. Presha ikishuka, dawa haziachwi. Imeshuka kwa sababu ya dawa.

Mrudisheni mbio akipata udhaifu mpya au mdomo kwenda upande, degedege, homa na kikohozi, pumzi kukatika, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Andikeni saa dalili zilipoanza, daktari atauliza hiyo kwanza.

Leo usiku andika kundini ratiba tu, bila kujitetea. Yule wa Donholm akijibu kwa maneno ya pesa, mtumie picha ya daftari na umuulize kama Jumanne atafika saa ya chakula cha mchana.