Kikundi cha mashairi: baada ya kusoma, tuseme nini?

SWALI: Sisi ni tisa, tunakutana kila Jumamosi hapa Tanga kusomeana mashairi, mengi tumeyatunga wenyewe. Mtu akimaliza, ama tunasema "limekaa vizuri" tukapita, ama tunagombana juu ya mizani (hesabu ya silabi) mpaka mtunzi ananuna. Tufanyeje?

JIBU: Shairi lisomwe mara mbili, na msomaji asiwe mtunzi. Kwanza lighaniwe, kisha lisomwe kwa sauti ya kawaida bila mahadhi. Mahadhi huficha kasoro: mizani ikipungua, mghani huvuta irabu na sikio lisigundue. Mtunzi anyamaze mpaka wenzake wamalize. Akieleza mapema alichokusudia, mtajadili maelezo yake, shairi mtaliacha.

Kila mmoja awe na nakala ya karatasi. Kwenye simu, mshororo wa mizani 16 hukatika popote kioo kinapoishia, ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) ukaingia katika utao (nusu ya pili), na msomaji akapumzika pasipostahili.

Ugomvi wenu wa mizani huenda unatokana na herufi m. Hesabuni mshororo huu kwa vidole:

Mtoto ninakuasa, usimtupe mzazi

M-to-to-ni-na-ku-a-sa: 8. U-si-m-tu-pe-m-za-zi: 8. Asiyeihesabu m atapata 7 na 6, kisha atamshauri mtunzi aongeze neno, na hapo ndipo mshororo uliokuwa mzima unaharibika. Lakini m ya "mbuzi" haisimami peke yake: mbu-zi, mizani 2. Kwa maneno kama "daktari", wengine huhesabu da-k-ta-ri, wengine dak-ta-ri. Kubalianeni mapema mtafuata ipi.

Wala msikimbilie kuliita shairi guni, yaani lenye kasoro ya vina au mizani, kwa kuona "alokuja" badala ya "aliyekuja". Hiyo ni inkisari, yaani kufupisha neno, ruhusa ya zamani ya washairi, nayo imepunguza mizani 5 kuwa 4. Ulizeni tu kama maana imebaki wazi. Ubeti wenye inkisari nne au tano huchosha, kwa kuwa msikilizaji anafumbua maneno badala ya kusikiliza.

Mizani ikishakaa sawa, nendeni kwenye kituo, mshororo wa mwisho wa ubeti. Hapa ndipo penye utamu, na vikundi vingi hupapita. Kama ni kibwagizo kinachorudiwa, someni kila ubeti na kituo chake: je, mishororo mitatu ya juu inakifikia kweli, au kimebandikwa tu? Mara nyingi beti mbili za mwanzo hukibeba vizuri, ya tatu ikawa imetungwa kwa ajili ya kina (silabi zinazofanana) peke yake. Mwonyesheni mtunzi neno lenyewe lililolazimishwa. "Ubeti wa tatu dhaifu" haumsaidii.

Mashairi 3 kwa kikao cha saa moja na nusu yanatosha.

SWALI: Na mashairi huru, yasiyofuata vina wala mizani, tuyapime kwa kipimo gani?

JIBU: Kwa pale mstari unapokatwa. Yaandikeni upya kama nathari, msome. Yasipopoteza kitu, ile mistari haikuwa na kazi.