Zamu ni yako, lakini "hauwezi" ni ya msafara

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi simu Kariakoo, naishi Tabata. Usiku nikitoka kazini natengeneza mchezo wa kompyuta, peke yangu, kwa kupenda tu, hakuna anayenilipa. Ni mchezo wa mbinu za vita unaochezwa kwa zamu: unasogeza vikosi vyako kwenye ramani ya vyumba vya pembe sita, ukimaliza, adui (ambaye ni kompyuta) naye anasogeza vyake. Mambo yote yanatokea enzi za Mtemi Mirambo, kwenye njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Nataka kila kitu kisomeke kwa Kiswahili. Rafiki yangu anasema "zamu" ni neno la walinzi na wauguzi, niandike "raundi" au "awamu". Nani kati yetu yuko sahihi? Nakutumia na picha za skrini uone maandishi yalivyokaa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wewe uko sahihi, rafiki yako akapumzike.

Zamu ni neno lenye chumvi ya bahari. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliita "zam" kile kipindi cha saa tatu cha kushika lindo chomboni, zam nane zikafanya usiku na mchana. Leo mlinzi anashika zamu, muuguzi anaingia zamu, na pale kijiweni kwenye drafti, vizibo vya soda vikigombana na vizibo vya bia, ukichelewa kusogeza utaambiwa, "Zamu yako bwana, au mpaka tukuletee chai?" Kama neno linatosha kijiweni, kwenye skrini linatosha na kubaki.

"Raundi" usiitupe. Wewe ukicheza zamu yako na adui akacheza yake, hapo imetimia raundi moja, kwa hiyo ile namba uliyoiweka juu kwenye pembe ya skrini iite raundi. "Awamu" nayo inafaa kwa vipande vya ndani ya zamu, kama umevigawa: awamu ya kusogea, awamu ya kushambulia. Ila ukimwandikia Mtanzania "Awamu ya Sita" kwa herufi kubwa, atatafuta picha ya rais.

Na kabla hujaandika "Maliza zamu" kwenye kitufe, nenda kawasikilize wachezaji wa bao. Mchezo wenye mashimo 32 na kete 64 umekuwa ukichezwa kwa zamu pwani hii tangu kompyuta haijaota hata ndotoni, na wenyewe wana msamiati wao: kete yako ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, mwenzako anacheza. Kitufe kikisema "Lala", mzee yeyote wa bao atakielewa kabla ya mjukuu wake.

Ungeniletea swali tupu, tungeagana hapa. Lakini umeleta picha.

Kwenye picha ya tatu msafara wako umesimama ukingoni mwa Mto Malagarasi. Umechora vizuri, hata mtumbwi unaonekana. Chini yake, kwa herufi nyeupe, umeandika: "Hauwezi kuvuka mto." Picha ya nne, ya pembe za ndovu: "Hauna pembe za kutosha kulipa hongo." Ya tano: "Haujamaliza zamu yako." Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Maneno yalikuwa bado yapo.

Nani hawezi kuvuka mto, mwanangu? Mimi ninayecheza, au msafara?

Unaona, Kiswahili kimeyatenganisha haya mapema sana, na kwa herufi moja tu. Nafsi ya pili umoja, yaani wewe ninayesema nawe, ikikanushwa inakuwa "hu-": huwezi, huna, hujui, hutaki, hukuja, hujamaliza, hutapona. Ile "hau-" ni ya vitu vya ngeli ya mti na ya ukuta: mti hauna matunda, mto hauvukiki, ukuta haujakauka, msafara hauendi. Binadamu mmoja aliyesimama mbele yako hana "hau-" yake popote.

Ndiyo maana mtu akiniambia "mzee, hauna akili", mimi sikasiriki. Nageuka nyuma kutazama mwembe. Kwangu upo mwembe mmoja uani, na kwa kweli hauna akili: unazaa msimu ambao kila mtu ana maembe, ukifika mwezi wa njaa unatuletea majani. Kwa hiyo namjibu mtu huyo, "Kweli, hauna, na mwaka huu hauna hata maua." Akiendelea, "Aa mzee, nimekusema wewe," basi namwambia aseme "huna akili", tugombane kama watu wazima. Tusi lenyewe linataka sarufi. Ukikosea kiambishi, matusi yote yanampata mwembe, na mwembe haujali.

Najua wapi umeyaokota. Yako kwenye daladala ("we hauna nauli?"), redioni asubuhi, kwenye nyimbo za vijana, na mpaka kwenye ujumbe wa simu unaokuarifu kwa heshima zote kwamba "hauna salio la kutosha". Mtandao wenyewe siutaji. Nasema tu kwamba siku ile salio nililokosa lilikuwa langu, si la mnazi.

Wako wanaoitetea "hauna" kwa hesabu. Wanasema: tu- inakuwa hatu-, m- inakuwa ham-, wa- inakuwa hawa-, kwa nini u- isiwe hau-? Hesabu nzuri. Basi na ni- iwe "hani-", useme "haniwezi" badala ya "siwezi". Bondia wa Manzese akisema "haniwezi yule" anajitapa kwamba mpinzani si saizi yake. Wewe ukisema hivyo kuhusu gunia la mahindi, watu watadhani gunia limekuchokoza. Lugha haikuahidi kunyooka kote. Na wanahesabu hao hao wakipita msibani husema nini? "Hujafa hujaumbika." Hata mmoja sijamsikia akisema "haujafa haujaumbika". Methali imewashika shingo, wanatii. Wakitoka tu getini, "shem, haujala?"

Wana hoja moja tu yenye miguu, nami nitaitaja kwa kuwa ni ya kweli. Ipo "hu-" nyingine, ya mazoea: yeye husoma, wao hulima. Kwa vitenzi vya Kibantu hakuna mkanganyiko, maana irabu ya mwisho inajitenga: "husomi" ni wewe, "husoma" ni mazoea. Lakini vitenzi tulivyopokea kutoka Kiarabu havibadiliki mwisho. "Husafiri" inaweza kuwa "wewe husafiri kesho, umegoma", au "misafara husafiri alfajiri". "Hufikiri", "hujibu", "hurudi", yote yana sura mbili. Nakubali. Ila tangu lini ukaona Mswahili amekwama hapo? Sentensi inayotangulia inatosha kumtoa. Dawa ya shilingi moja iliyopotea si kuchoma nyumba.

Nikuambie ukweli, nimechoka kuwasahihisha watu barabarani. Konda akisema "hauna nauli" huku ananitazama usoni na mkono ameunyoosha, namwelewa, namlipa, yanaisha. Macho yake na ule mkono vimefanya kazi ya kiambishi. Mazungumzo yana huruma hiyo. Wajukuu zangu wanasema "haujui" mchana kutwa, nami napandisha sauti ya redio, ambayo nayo inasema "haujui".

Wewe lakini hauko barabarani. (Tulia, usiniandikie. Nimeliacha makusudi nione kama umeamka. Huko barabarani.) Mchezo wako hauna macho wala mkono wa kunyoosha. Una mstari mmoja wa maandishi chini ya skrini, na mchezaji anausoma saa sita usiku akiwa na usingizi, anataka kujua afanye nini. Sasa chukua ile picha ya nne: "Hauna pembe za kutosha kulipa hongo." Kama anayekosa pembe ni mchezaji, maana yake ghala la mji wake limekauka, akusanye, auze, atume wawindaji. Kama unaokosa ni msafara, ghala linaweza kuwa limefurika kule nyumbani, ila wapagazi waliondoka na mizigo michache. Hapo dawa ni kuurudisha msafara ukapakie. Ni makosa mawili tofauti yenye tiba mbili tofauti, na mchezo wa mbinu unaishi kwa tofauti kama hizo. Kiswahili kimekupa "huna" na "hauna" bure, wewe umezitia kwenye gunia moja. Mchezaji atapoteza zamu tatu akitibu ugonjwa usio wake, kisha aseme kompyuta inaiba.

Hiyo "hongo", kwa njia, usiiguse. Karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru halali ambao misafara ililipa kwa watemi ili ipite kwenye nchi zao. Ilivyokuja kuharibika jina ni habari nyingine. Weka maelezo mafupi tu, vijana wa TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wasije wakakugongea mlango.

Sasa nadhani nimejua ulipoteleza. Umeandika sentensi moja yenye pengo, na programu inajaza jina la chochote kilichobofywa: pengo, halafu "hauwezi kushambulia". Ukabofya msafara, ikatoka "Msafara hauwezi kushambulia", ukaona sawa, ukalala. Ni sawa kabisa. Ungebofya kitu kingine ungekesha. Kikosi hakiwezi. Jeshi haliwezi. Ngome haiwezi. Mtumbwi hauwezi. Mikuki haiwezi, ukuta hauwezi, kuta haziwezi. Rugaruga, yule askari wa Mirambo, hawezi, hata kama jina lake halianzi na m-, maana ni mtu na ana roho. Na wewe uliyeshika kipanya, huwezi.

Usijaribu kuifanya programu ibashiri ngeli kwa kutazama herufi za mwanzo, nakuona ukifikiria hilo. Kikosi na kiongozi vyote vinaanza na "ki-", lakini kikosi hakiwezi na kiongozi hawezi. Msafara hauwezi, mpagazi anayeubebea mizigo hawezi. Zana za kutafsiria programu nazo hazitakuokoa: gettext, inayotumiwa na wengi, itakuuliza kama ni kimoja au ni vingi, haitakuuliza ngeli, kwa sababu walioibuni hawakuwa wakimfikiria Mnyamwezi. Kazi hiyo ni yako. Kila kiumbe na kila kitu kwenye mchezo, pale ulipoandika nguvu zake na mwendo wake, ongeza safu moja: kiambishi cha umoja na cha wingi. Kikosi, nguvu kumi, mwendo mbili, ki na vi. Ni jioni moja ya kazi, na ndani yake umefundisha kompyuta kitu ambacho watangazaji wangu wa asubuhi hawajakishika.

Kisha pale mchezo unapozungumza na mchezaji mwenyewe, ondoa pengo kabisa na uandike sentensi kamili: Huwezi kuvuka mto. Huna pembe za kutosha. Hujamaliza zamu yako.

Mawili madogo nimeyaona kwenye picha ya kwanza. "Chukua zamu yako" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Zamu haichukuliwi kama chenji; inafika. Andika "Zamu yako", basi, na ya adui "Zamu ya adui".

La pili ni kile kitufe cha kijani: "Okoa mchezo". Mchezo haujazama, mwanangu, na hapo "hau-" ni halali yake. Andika "Hifadhi".